Lenzi ndefu kwa mtu anayeshika usukani: 70-300, 18-400 au 200-500?

Usukani_Kaskazini

Habari zenu wakuu, naombeni ushauri kabla sijaunguza hela.

Mimi ni dereva guide, nipo Arusha, mwaka wa saba huu nazunguka Manyara, Tarangire, Kreta (Ngorongoro) na Serengeti. Mwaka juzi mgeni mmoja alimaliza safari akaniachia kamera yake ya zamani, Nikon D7200 na lenzi yake ya 18-140, nikaanza kama mchezo tu sasa hivi imekuwa ugonjwa, nikilala naota pundamilia. Tatizo ni hiyo 140, yani milimita, namba ikiwa kubwa ndo lenzi inavuta mbali zaidi. Simba akikaa mita thelathini kutoka barabarani kwenye picha anatoka kama paka wa jirani, nikimkropu (nikikata picha abaki yeye tu) ndo kabisa, picha inajaa chenga.

Nimejichanga nina kama milioni mbili na laki tatu. Nimesomasoma nimebaki na tatu, Nikon 70-300 ile ya AF-P (aina ya mota yake ya kufokasi), Tamron 18-400, na Nikon 200-500 ya mtumba. Kuna dereva mwenzangu ananiambia hizo mbili za kwanza ni midoli, chukua 200-500 utulie, yeye anayo na picha zake kweli ni moto.

Ila kuna kitu naomba mkielewe, mimi nipo kwenye kiti cha dereva. Wageni ndo wanasimama juu kwenye ruf, mimi nipo chini, usukani kifuani, dirisha langu ni hili la kulia basi. Picha zangu nazipiga ile nusu dakika ambayo wageni wameshapata mnyama wao wametulia, redio ikiita naweka kamera chini naongea. Yani sio kwamba nina siku nzima ya kumvizia chui. Mnanishaurije?

JichoLaKipanga

Mkuu karibu kwenye ugonjwa, dawa yake haipo.

Mi nakuongelea 18-400 kwa sababu nilikaa nayo miaka mitatu. Faida yake unaijua, hubadilishi lenzi, na kwa vumbi la huko kwenu hiyo sio faida ndogo, mi niliwahi kubadilisha lenzi ndani ya gari likiwa limetoka kwenye vumbi la Mikumi nikakaa wiki nzima naona madoa meusi kwenye kila picha yenye anga. Uzito wake gramu mia saba na kidogo, unaishika mkono mmoja. Twiga akiwa mbali unampata, akija dirishani unarudi 18 unampata na mti wake wote.

Sasa ubaya. Mpaka 250 hivi mi sikuwa na malalamiko, kuanzia 300 kwenda juu picha inalainika, manyoya ya simba yanakuwa kama yamechorwa na kreyoni, na ukifika 400 tundu la mwanga limeshabana f/6.3 (namba ikipanda mwanga unapungua), jua likianza kuzama otofokasi inaanza kwenda mbele nyuma mbele nyuma kama mtu anayetafuta funguo gizani, na simba wenyewe wanaamka saa hiyohiyo. Kwa kupost kwenye simu hakuna atakayejua. Ukitaka kuprinti uweke ukutani kwenye ofisi ya kampuni, utajua.

Halafu usisahau D7200 yako sensa yake ni ndogo, unazidisha moja na nusu. Kwahiyo 300 kwako inaonekana kama 450, na 500 inakuwa kama 750. Wengi wanakimbilia 600 hawajapiga hiyo hesabu.

MzeeWaFurukombe

Salaam vijana.

Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Mwanza, napiga picha za ndege tangu enzi za filamu. Nitasema tofauti kidogo na huyu aliyetangulia. Kwa mnyama mkubwa 300 inatosha, wala sibishi. Lakini wewe uko kwenye hifadhi kila siku, na aliye hifadhini kila siku mwisho wake huwa ni ndege, nakuambia kabisa, utachoka simba. Na kwa ndege hakuna urefu unaotosha. Mdiria mdogo akikaa kwenye tete mita kumi na tano tu, na 300 yako bado ni nukta ya bluu.

Ninayo hiyo 200-500 tangu mwaka uliofuata baada ya kutoka, ilitoka 2015. Kinachonifurahisha ni kwamba ni f/5.6 kuanzia 200 mpaka 500, haibani ukizumu. Furukombe akishuka kuchukua samaki mimi nakuwa kwenye 1/2000 ya sekunde, chini ya hapo mabawa yanatoka kama moshi, na hiyo spidi inataka mwanga, kila theluthi ya stopu (kipimo cha mwanga) unayopoteza unailipia kwenye ISO, unaipandisha na chenga zinaongezeka.

Ni nzito, sitakudanganya. Kilo mbili na gramu mia tatu, na bodi juu yake. Kwenye mtumbwi naiegemeza kwenye goti. Umri huu nimezoea, wewe kijana utashindwaje?

Usukani_Kaskazini

Shikamoo mzee, nimekupata. Hilo la kuchoka simba naona kama umenisoma, majuzi wageni wanapiga duma mi nipo bize na karani tamba anamkanyaga nyoka nyuma yao, hakuna aliyeniunga mkono.

Uzito sio kwamba naogopa kubeba mzee, mi nabeba spea tairi. Naongelea nafasi. Mtu aliyesimama kwenye ruf ana digrii zote, mimi nikiichomoa lenzi ndefu kama mkono hapo kati ya usukani na mlango inabidi nijipinde kama nafunga kamba ya kiatu, na mnyama akiwa upande wa kushoto ndo kwaheri, kuna kiti cha abiria na miguu ya mtu.

Swali lingine, na hili linahusu 500 haswa. Kule Kreta faru wanakuwa mbali sana, unajua huwezi kutoka nje ya barabara, wageni wanaangalia kwa darubini wanaona jiwe linatembea. Nikiwa na 500 nitampata yule faru au najidanganya?

MamaSavana_Nbo

Unajidanganya kaka, pole 😄

Mimi ni wa Nairobi, karibu kila Jumapili niko ndani ya Nairobi National Park, na makosa yote unayofikiria kufanya mimi nimeshayafanya na pesa yangu. Nilikuwa na Sigma 150-600 ile nyepesi, Contemporary, bado ni karibu kilo mbili. Nikaona vifaru mbali huko, nikasema leo ni leo, nikazumu mpaka 600, nikapiga mia mbili na kitu. Nyumbani kwa kompyuta hakuna hata moja iko shapu. Nikafikiri lenzi ni mbovu, nikairudisha kwa duka, wakaipima wakaniambia iko sawa mama. Kumbe ilikuwa saa tano asubuhi.

Ardhi ikishapata moto ile hewa ya chini inacheza, ni kama kuangalia kitu juu ya jiko la makaa. Sasa ukipiga kitu kiko mita mia tatu unapiga kupitia hiyo hewa yote, na lenzi ikiwa ndefu zaidi inakuza mnyama na inakuza hiyo hewa pia. Hakuna lenzi ya bei gani itakuondolea hiyo. Siku hizi mnyama akiwa mbali na jua limepanda sihangaiki, naweka kamera chini nakunywa chai. Kabla ya saa tatu asubuhi, ama baada ya mvua, hapo sawa.

Na wewe ndio uko na bahati kuliko sisi wote, mbona hujaona? Wewe ndiye unashika usukani. Mimi nikitaka simba awe na mwanga wa pembeni naomba dereva, tunabishana, simba anaondoka. Wewe unaamua gari lisimame wapi. Mita kumi mbele ama nyuma inabadilisha picha kuliko milimita mia mbili za lenzi. Ukisimama jua likiwa mgongoni kwako na ukaacha nafasi mnyama aje, 300 itakutosha mpaka useme imezidi.

Hiyo nafasi ya kwa dirisha dawa yake ni kifuko. Shona kifuko cha kitambaa kigumu kama cha jinzi, jaza mchele ama maharagwe robo tatu hivi usijaze sana, kilaze kwa mlango dirisha likiwa chini, lenzi inakaa hapo kama mtoto kwa mto. Na zima injini! Ile dizeli ikinguruma hata VR (ile ya lenzi ya kupunguza mtikisiko) haikusaidii, na waambie wageni huko juu wasitembee, mtu mmoja akigeuka gari lote linayumba.

JichoLaKipanga

Hilo la wageni wasitembee namwachia Usukani, anayehitaji tipu hawezi kusema hivyo 😂

Fundi_Pwani

Naona hakuna aliyegusa upande wa kuoana kwa lenzi na bodi, na hapo ndo watu wanaliwa.

Hizo 70-300 za AF-P ziko zaidi ya moja na zinafanana majina. Kuna ndogo ya DX (sensa ndogo kama yako), nyepesi sana gramu mia nne na kitu, f/4.5-6.3. Kuna kubwa ya fulu freimu (sensa kubwa) iliyotoka 2017, f/4.5-5.6, kama gramu mia sita na themanini. Ile ndogo haina swichi ya VR pembeni, inategemea menyu ya kamera, na D7200 haina hiyo menyu, kwahiyo VR inabaki imewaka tu muda wote. Na ukiona ile ndogo inauzwa bei ya kutupa soma jina mpaka mwisho, kuna toleo halina VR kabisa. Ile kubwa swichi ipo. Zote kwako zitafokasi, ila kamera ikijizima kulala na kuamka fokasi inaweza kuhama, unabonyeza tena kitufe nusu, huo ndo usumbufu wenyewe. Mwenye D90 au D7000 anayesoma hapa asinunue AF-P yoyote, haitafokasi, nimeshapokea watu wawili wanaleta lenzi nzima eti niitengeneze.

Pili, mtumba. Mi nipo Tanga, huku chumvi na unyevu ndo shughuli yangu. Usinunue lenzi kwa kuangalia nje. Lenzi inaweza kuwa inang'aa kama sahani ya harusi na ndani imeoza. Toa vifuniko vyote viwili, fungua tundu mpaka mwisho, washa tochi ya simu upande mmoja kwa kuiinamisha, uchungulie upande wa pili. Vumbi chembe mbili tatu sio kesi. Ukiona kitu kama nyuzi za utando wa buibui zinatambaa kutoka kwenye ukingo, hiyo ni fangasi, mrudishie mwenyewe na umshukuru. Kusafisha inawezekana lakini ikishakula ile rangi ya juu ya kioo alama haitoki, na kufungua lenzi ya vioo kumi na tisa kama hiyo 200-500 halafu ukairudisha vilevile sio kila fundi, mimi mwenyewe naogopa.

Kisha bandika gazeti ukutani, piga mwanzo wa zumu, katikati, na mwisho, angalia kona zote nne. Kona moja ikiwa na ukungu na tatu ziko safi hiyo ilishadondoka. VR isikilize, uiwashe ubonyeze nusu, kimlio kidogo cha kawaida kipo, ila picha kwenye dirisha la kamera isiruke.

Na ukishanunua usiweke filta ya elfu kumi na tano mbele ya lenzi ya milioni mbili. Namuunga mkono dada wa Nairobi kwenye hewa ya moto, lakini nusu ya wanaoniletea malalamiko ya picha laini nawavulia ile filta tu wanaondoka wameshapona.

MzeeWaFurukombe

Marahaba, na kweli huyu fundi anajua. Hiyo filta mimi nilidumu nayo mwaka mzima.

Dada wa Nairobi nakubaliana naye kwa faru. Kwa ndege sijakubali.

Usukani_Kaskazini

Wakuu narudi, wiki ya tatu sasa, samahanini tulikuwa hai sizoni (msimu wa wageni wengi), simu naishika usiku tu.

Nilifanya hivi. Kabla ya kununua nilimwomba yule mwenzangu aniazime 200-500 yake siku yangu ya ofu, nikaenda nayo Arusha National Park peke yangu. Asubuhi kwenye maziwa ya Momella nilikuwa mfalme, sina la kuficha. Flamingo wapo ng'ambo, gari limezimwa, kifuko cha mchele dirishani (mke wangu alishona kwa suruali yangu ya zamani, mchele tumekubaliana utarudi jikoni), na 500 ikanipa mpaka matone ya maji yanayodondoka kwenye mdomo. Mzee hapo nilikukumbuka kabisa.

Kisha nikaingia msituni kwa mbega, ndo nikaonja upande wa pili. Kule chini ya miti ni giza, nipo 5.6, ISO imefika 6400, spidi 1/250, mbega wapo juu kabisa kwahiyo kifuko hakisaidii, inabidi unyanyue hiyo kilo tatu na ushee uielekeze juu kupitia dirishani huku shingo imevunjika. Dakika ya nne mkono unatetemeka wenyewe. Nilipiga tisini na mbili, mbili ndo nzuri, moja mbega kageuka nikapata ule mkia mweupe tu umening'inia kama pazia.

Siku mbili baadaye nikawa na wageni Tarangire, mwenzangu akaniachia lenzi bado. Kule upande wa Silale tembo wakaanza kuvuka barabara, mama mmoja akaja moja kwa moja mpaka kwenye kioo changu, mita tatu labda. Injini nimezima, wageni hawapumui. Nikanyanyua kamera, 200 ndo mwanzo wake, na kwa sensa yangu ni kama 300, nikaona ukuta wa kijivu. Nikahamisha taratibu nikapata jicho, kope ndefu zina vumbi jekundu, na mstari wa machozi unashuka kwenye mikunjo. Ni picha nzuri lakini ndo hiyo tu niliyoweza, familia nzima imepita na katoto kako chini ya tumbo la mama yake sina hata moja. Mgeni wa juu yangu kapiga zote kwa simu.

Sasa nikahesabu wiki ile yote, ni mara ngapi nilihitaji zaidi ya 300. Kwenye gari la wageni mara tano. Mara ngapi nilihitaji chini ya 200, nilipoteza hesabu. Nimechukua ile 70-300 kubwa yenye swichi, ya mtumba, nimeipiga tochi kama fundi alivyoelekeza. Muuzaji wa kwanza alikuwa na nyuzi humo ndani akaniambia eti ni alama za kiwandani, nikamshukuru nikaondoka. Ya pili ipo safi, laki tisa na nusu.

Inakaa mapajani hata nikiwa naendesha, nimeifunika kipande cha kanga kwa ajili ya vumbi, redio ikiita naitua mkono mmoja. Upande wa kushoto pia napiga sasa, naipitisha kati ya viti. Jioni bado inanisumbua kwenye 5.6, hiyo sikatai.

Hela iliyobaki sijaigusa. Februari nina safari ya Ndutu wakati nyumbu wanazaa, jamaa kakubali kunikodishia 200-500 kwa zile siku, na pale nitakuwa na asubuhi mbili za peke yangu kabla wageni hawajatua. Mzee usinicheke, ndege wako nitawafuata taratibu.

MamaSavana_Nbo

Safi sana! Hebu weka hiyo ya jicho la ndovu tuione, na usiikropu.

MzeeWaFurukombe

Na mkia wa mbega pia. Hiyo ndiyo nataka mimi.

Usukani_Kaskazini

Napandisha zote kesho mtandao ukitulia, saa hizi nipo njiani KIA kupokea wageni, ndege imewahi.